Kilichoandikwa nyuma ya pakiti

Dar es Salaam ina hofu nyingi za chakula, na mwenye duka huzisikia kabla ya daktari. Chipsi zinakaangwa kwa mafuta ya transfoma. Kuku wa kisasa wanalishwa ARV. Mchele wa plastiki umeshushwa Kariakoo. Habari hizi huja kwa sauti za WhatsApp, zinazunguka kutoka Mbagala hadi Bunju usiku kucha, na asubuhi zinanifikia kaunta zikiwa maswali. Mara nyingi anayeniuliza ameshika pakiti ya juisi ya unga, au ya biskuti. Nyuma ya pakiti hiyo kuna maandishi madogo yanayotaja vilivyomo ndani. Hayo hakuna anayeniuliza.

Nina duka la rejareja Tabata. Mtaani naitwa Mangi, kama wanavyoitwa wenye maduka wengi waliotoka Kilimanjaro. Kidato cha sita nilisoma PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, na hata baada ya kuingia kwenye biashara biolojia haikunitoka. Miaka hii nimekuwa nikifuatilia tafiti kuhusu bakteria wanaoishi tumboni mwetu, hasa zile zinazouliza kemikali za chakula cha kiwandani zinawafanya nini. Kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba majirani zangu wanapoteza hofu yao kwenye uvumi, huku vitu vyenye ushahidi halisi wakivifungulia watoto kwa meno, palepale mlangoni kwangu.

Geuza pakiti. Utakuta neno INS, au herufi E, kisha namba. INS ni orodha ya kimataifa ya Codex, mfumo wa viwango vya chakula ulioanzishwa mwaka 1963 na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, FAO na WHO. E ni ya Ulaya, na namba zenyewe kwa kiasi kikubwa ni zilezile. Namba si tusi. 330 ni asidi ya sitriki, ile ile iliyomo kwenye limao. 300 ni vitamini C. Katika kundi la 500 imo bikaboneti ya soda ambayo mpika maandazi yeyote anaijua. Anayewaambia watu waogope kila namba anawaongezea uvumi mwingine juu ya ule walio nao.

Lakini zipo nyingine. 102 na 110 ni rangi za njano na chungwa. 211 ni kihifadhi cha soda na sosi. 250 ni naitraiti ya kwenye soseji. 950 na 951 ni sukari bandia. 466 na 433 ni emalsifaya, yaani vitu vinavyofanya mafuta na maji vikae pamoja bila kutengana, au vinavyokipa kinywaji uzito ili kionekane kama juisi ya tunda. Mama mmoja jirani aliniuliza siku moja, "Mangi, hii ni embe kweli?" Nikamsomea. Sukari, 330, ladha, 466, 951, 110. "Embe liko wapi hapo?" akauliza. Liko kwenye picha ya mbele.

Ili kuelewa kwa nini namba hizo zinanishughulisha inabidi tushuke hadi kwenye utumbo mpana. Humo ndimo wanamoishi bakteria wengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 na watafiti wa Israeli na Kanada yanasema mtu mzima wa kawaida ana bakteria takribani trilioni 38, wakati seli zake mwenyewe ni kama trilioni 30. Bakteria hao wote kwa pamoja wana uzito wa gramu mia mbili hivi. Jamii hii nzima ya viumbe ndiyo wataalamu wanaiita maikrobayota.

Kazi yao kubwa ni kula tusichoweza kukimeng'enya. Nyuzinyuzi za maharage, za mchicha, za maganda ya nafaka, hupita tumboni na kwenye utumbo mwembamba bila kuguswa, zikafika utumbo mpana, na huko bakteria huzichachua. Katika kuchachua hutoa asidi fupi za mafuta, na mojawapo, butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotandika ukuta wa utumbo mpana. Yaani seli zako hizo hulishwa na wapangaji wake. Butireti pia hutuliza kinga ya mwili isiwake bila sababu.

Kati ya bakteria hao na ukuta wa utumbo kuna ute. Katika utumbo mpana ute huo una tabaka mbili: la nje ni legelege na bakteria huishi ndani yake, la ndani limeshikana, na kwa mtu mwenye afya huwa karibu halina bakteria kabisa. Mpaka huo ukiingiliwa, kinga ya mwili huwaona bakteria kama wavamizi, na uvimbe mdogo usiokoma huanza. Nawaomba wasomaji wangu waushike ute huu kichwani, maana maneno yote yanayofuata yanauzunguka.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Georgia, Marekani, wakiongozwa na Benoit Chassaing na Andrew Gewirtz, walichapisha kwenye jarida la Nature matokeo ya panya waliopewa emalsifaya mbili, 466 na 433. Bakteria walisogea karibu zaidi na ukuta wa utumbo, aina zao zikabadilika, panya wakapata uvimbe mdogo wa utumbo, wakanenepa, na sukari yao ikaharibika. Panya ambao kwa asili yao walikuwa rahisi kuugua walipata uvimbe mkali wa utumbo mpana. Na panya waliolelewa bila bakteria wowote hawakupata madhara hayo. Hapo ndipo nilipokaa kitako. Kumbe emalsifaya haikumdhuru panya moja kwa moja, ilipitia kwa bakteria wake.

Watu husema panya ni panya, na wana haki. Kwa hiyo watafiti haohao wakaenda kwa watu. Mwaka 2022 walitoa matokeo ya watu 16 wenye afya waliokaa kwenye kituo cha utafiti wakila chakula kilekile kisicho na viongezwa. 7 kati yao walikuwa wanawekewa gramu 15 za 466 kwa siku, kwa siku 11. Waliopewa 466 walipata usumbufu zaidi wa tumbo baada ya kula, aina za bakteria zikapungua, asidi fupi za mafuta zikashuka kwenye choo. Wawili kati ya hao 7 walikutwa na bakteria waliopenya tabaka la ndani la ute. Gramu 15 ni nyingi, mnywaji wa juisi moja ya pakiti hafiki huko, na watu 7 ni wachache. Nayasema haya ili mtu asichukue maneno yangu akayageuza kuwa sauti ya WhatsApp. Lakini wale 7 walikuwa watu wazima, wazima wa afya, kwa siku 11 tu. Wateja wangu wa 466 wana miaka sita na wanakuja kila siku ya shule.

Kwa nini basi vitu hivi viliruhusiwa? Vingi vilipitishwa miongo kadhaa iliyopita. Kamati ya pamoja ya FAO na WHO inayokagua viongezwa ilianza kukutana mwaka 1956. Maswali yaliyoulizwa yalikuwa: je, kitu hiki ni sumu? Kinaleta saratani? Kinaharibu uzazi? Kinafyonzwa mwilini? 466 haifyonzwi, inapita tu, na kwa akili ya wakati ule kisichofyonzwa hakina neno. Bakteria hawakuulizwa kwa sababu hapakuwa na njia ya kuwauliza. Wengi wao hawaoti maabara kwa urahisi, na kusoma vinasaba vyao kwa wingi kulikuja kuwezekana kwa bei ya kufikika karne hii. Mradi mkubwa wa Marekani wa kuichunguza maikrobayota ya binadamu ulianza mwaka 2007. Sioni njama hapo. Naona swali lililobaki wazi muda mrefu mno, na watoto wanaokula wakati likisubiri jibu.

Sukari bandia ina hadithi inayokaribiana. Huwekwa kwenye juisi za unga za bei rahisi kwa sababu ni nafuu kuliko sukari, na mama akisikia haina sukari nyingi anafurahi, hasa kama nyumbani kuna mgonjwa wa kisukari. Mwaka 2022 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, waliwagawa watu wazima 120 wasio na mazoea ya vitamu hivyo na kuwapa sakarini, sukralozi, aspatemi au stevia kwa wiki mbili, kwa viwango vilivyo chini ya kikomo kinachoruhusiwa. Vyote vinne vilibadilisha bakteria. Sakarini na sukralozi vilibadilisha pia namna mwili unavyoimudu sukari ya damu, ingawa si kwa kila mtu sawasawa. Mwaka uliofuata, Mei 2023, WHO ilishauri vitamu visivyo sukari visitumike kama njia ya kupunguza uzito. Kwa mwenye kisukari tayari, ushauri huo haukumhusu, na huyo azungumze na daktari wake. Kwa mtoto, maji.

Soseji nazipitia haraka kwa sababu habari yake inajulikana zaidi: shirika la WHO la utafiti wa saratani liliiweka nyama ya kusindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani mwaka 2015, likakadiria kwamba gramu 50 kwa siku, karibu soseji moja, huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Rangi nyeupe namba 171, iliyokuwa ikitumika kwenye pipi na jojo, Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chakula mwaka 2022, huku kamati ya FAO na WHO ikiendelea kuiruhusu. Wataalamu wakipishana hivyo, mimi nachagua upande wa mtoto.

Na kuku? ARV ni uvumi. Lakini dawa za antibayotiki hutumika mabandani, na kila moja ina siku za kusubiri kati ya dozi ya mwisho na kuchinja. Mfugaji anayebanwa na mkopo anaweza asisubiri. Hilo ni swali halali la kumuuliza muuza kuku, na lina maana kuliko hadithi ya ARV. Wakati huohuo dawa hizo tunazimeza wenyewe: tumbo likinguruma, mtu anakuja kuniuliza kama nina Flagyl. Sina, na sitakuwa nayo. Ni dawa inayoua bakteria wasiopenda hewa, na sehemu kubwa ya wakazi wa utumbo mpana ni wa aina hiyo. Daktari ndiye wa kuamua lini inafaa.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko namba zote. Bakteria hawa wanaharibiwa na tunachoongeza, na wanauawa kwa njaa na tunachoondoa. Mwaka 2016 timu ya Chuo Kikuu cha Michigan, akiwemo Eric Martens, iliwawekea panya bakteria wa utumbo wa binadamu kisha ikawanyima nyuzinyuzi. Bakteria waliokosa chakula waligeukia ute. Wakaula. Tabaka likawa jembamba, na kijidudu cha ugonjwa kilipoletwa kikapata njia. Kwa hiyo mtoto anayekunywa emalsifaya juu ya mkate mweupe anashambuliwa pande mbili za ute uleule. Jirani yake anayekula biskuti hizohizo lakini nyumbani kuna maharage na matembele ana ngao ambayo mwenzake hana.

Mwaka 2015 yalitolewa matokeo ya jaribio lililonifanya niwafikirie ndugu zangu wote waliohamia mjini. Stephen O'Keefe na wenzake waliwabadilishia chakula kwa wiki mbili Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini. Wamarekani walipewa chakula chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo. Waafrika wakapewa nyama na mafuta kwa wingi, nyuzinyuzi kidogo. Kwa Wamarekani butireti iliongezeka mara mbili na nusu, kwa Waafrika ikashuka kwa nusu, na dalili za uvimbe kwenye utumbo zikapishana njiani. Wiki mbili. Ni muda ambao kijana wa kijijini anamaliza akiwa bado anatafuta chumba Manzese.

Dukani kwangu mabadiliko hayo yana majina mawili: dona na sembe. Dona ni mahindi mazima yaliyosagwa. Sembe yamekobolewa, pumba na kiini vimeondoka, vimekuwa chakula cha ng'ombe na kuku. Unga wa mahindi mazima una nyuzinyuzi gramu 7 hivi katika kila gramu 100. Ukikoboa, sehemu kubwa inakwenda na pumba. WHO inapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Anayekula dona, maharage na mboga za majani anazifikia bila kuhesabu. Anayekula chapati asubuhi, chipsi mayai mchana na ugali mweupe na kipande cha nyama usiku hazifikii, na hicho ndicho chakula cha mwanaume wa Dar es Salaam mwenye kipato kidogo kinachopanda. Tumeifanya sembe kuwa alama ya kupiga hatua. Kuna wateja wananong'ona wanapoomba dona, kana kwamba wanaomba mkopo.

Lakini dona lina sharti, na nisiposema nitakuwa nimewadanganya. Mahindi yakihifadhiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, na sumu hiyo hukaa zaidi kwenye pumba na kiini. Ukikoboa, unaondoa sehemu yake kubwa. Ukisaga mazima, unaila yote. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 20 Dodoma na Manyara. Hiyo ni kemikali ya chakula ambayo hakuna kiwanda kilichoiweka na hakuna pakiti inayoitaja. Kwa hiyo dona langu nalinunua kwa mtu ninayemjua, ninatia mkono ndani ya gunia la mahindi kabla hayajasagwa, navunja punje kwa meno nisikie kama ni kavu, natazama zenye rangi ya kijivu au kijani. Punje zilizovunjika na zilizooza zinachambuliwa kabla ya mashine. Macho hayaoni kila sumukuvu, vipimo ndivyo vinavyoona, na ningependa sana kila mashine ya kusaga ipitiwe na wakaguzi wenye vipimo. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Hapo ndipo dua yangu inapoelekea.

Mwezi Aprili 2025, watafiti wa Moshi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walitoa matokeo kwenye jarida la Nature Medicine kuhusu nyumbani kwetu. Wanaume 77 wenye afya wa Kilimanjaro. Wa vijijini wakahamishiwa chakula cha Kimagharibi kwa wiki mbili, wa mjini wakarudishiwa chakula cha asili, na kundi jingine likapewa mbege, kinywaji chetu cha ndizi zilizochachushwa, kwa wiki moja. Waliohamia chakula cha Kimagharibi, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe zimepanda na seli za kinga zimepoa zinapokutana na vijidudu. Waliorudi kwenye ndizi, maharage, mboga na nafaka nzima, uvimbe ulishuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Mbege pia ilionyesha kutuliza. Ni pombe, na sitaki mtu aniulize bei. Ila kiburu cha mama yangu, ndizi na maharage vimepondwa pamoja, nimekisoma humo kwa macho mengine.

Tusidhani hayo ni ya Wachaga. Togwa ni ya Songea hadi Pwani, na utafiti uliofanyika hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 1999 ulikuta watoto waliopewa togwa wanakuwa na bakteria wachache wa kuharisha kwenye choo chao. Mtindi upo. Kisamvu, mlenda na bamia viko Buguruni na Mabibo kila asubuhi kwa bei ambayo haifiki ya soseji mbili. Hata kiporo kina faida: wali au ugali uliopoa huwa na wanga usiomeng'enyeka kirahisi, na wanga huo unawafikia bakteria kama nyuzinyuzi. Kwa joto la Dar, hata hivyo, wali uliolala mezani ni hatari. Upozwe upesi, ulale kwenye friji, upashwe hadi utoe moshi.

Dukani sijaondoa kila kitu chenye namba, na kodi ya fremu inalipwa na biskuti pia. Nimefanya ninaloweza. Juisi za unga zimepanda shelfu ya juu, mtoto asizione kabla ya mimi kumuona. Chini, kwenye usawa wa macho yake, nimeweka karanga nilizozichambua mwenyewe, ndizi mbivu na visheti vya mama wa nyumba ya tatu. Ukutani nimebandika karatasi niliyoiandika kwa kalamu nene: 466, 433, 950, 951, 102, 110, 250, na mbele ya kila namba jina na kazi yake kwa Kiswahili. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi ameipiga picha akaenda nayo darasani. Karatasi hiyo ilipaswa kuwa kazi ya waliotengeneza pakiti. Kama kiwanda kinaweza kuchapa embe kubwa namna ile mbele, kinaweza kuandika nyuma, kwa lugha ya mnunuzi na kwa herufi zinazosomeka na bibi asiye na miwani, kwamba ndani hamna embe.

Wiki hii muuzaji wa jumla Kariakoo ameniuliza kwa nini maboksi ya juisi nayachukua machache. Nimemwambia alete mtindi na ulezi. Amesema atauliza.